Alama Nyuma ya Kishale

Jemimah Ongeri alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Kisii, ghorofa ya pili juu ya fundi wa viatu, na kutoka hapo alihudumia wateja kumi na mmoja waliotumia programu aliyoitengeneza mwenyewe. Wengi walikuwa wenye kemisti, wachache wenye kliniki ndogo. Programu haikuwa na makuu. Ndani ya friji ya dawa Jemimah aliweka kidude cheupe, kikubwa kama kiberiti, kilichopima joto kila baada ya dakika kumi. Waya mwembamba ulitoka kwenye kidude hicho, ukapita pembeni mwa mlango wa friji hadi kwenye kompyuta ya kaunta. Na kwenye skrini, chini kabisa upande wa kulia, kando ya saa, kulikuwa na alama ndogo ya kipimajoto. Ikiwa ya buluu, friji iko sawa. Ikiwa nyekundu, joto limepanda zaidi ya nyuzi nane au limeshuka chini ya mbili, na aliye kaunta aache alichoshika akaangalie.

Mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa Geeta, mke wa Umesh, mwenye kemisti pale Keroka. Watu wa Keroka walimwita Mama Sanjay, kwa jina la mwanawe mkubwa. Alikuwa amezaliwa Kisii miaka hamsini na minane iliyopita, na alizungumza Ekegusii cha sokoni bila kusita. Umesh alishughulika na kuagiza mali na kusafiri. Duka lilikuwa la Geeta. Alikaa nyuma ya kaunta tangu saa mbili asubuhi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na hakuna kilichoingia wala kutoka asichokijua.

Mwezi wa pili mwaka huo Geeta alimpigia Jemimah simu kulalamika.

"Hii kona yako imenichosha," alisema. "Kuna ya printa, kuna ya intaneti, kuna ya sauti, kuna ya ile ya kuzuia virusi, kuna moja sijui hata ni ya nini. Na yako iko hapo katikati, buluu tu, buluu tu, kila siku. Wiki iliyopita ilikuwa nyekundu asubuhi yote na sikuiona. Ni Jasper wa chumba cha nyuma aliniambia."

"Ilikuwa nyekundu kwa sababu gani, Mama Sanjay?"

"Msichana wa usafi aliacha mlango wazi kidogo. Hakuna kitu iliharibika. Lakini sikuiona, unanielewa? Nimezoea kutoiona. Kitu kama iko sawa, si inyamaze? Inionyeshe uso siku ambayo iko na shida. Hapo nitashtuka."

Jemimah aliona maneno hayo yana akili. Yeye mwenyewe alikuwa akichukizwa na programu zinazojaza skrini za watu alama zisizo na kazi, kila moja ikitaka ijulikane kuwa ipo. Akakaa siku mbili, akaibadilisha. Sasa friji ikiwa sawa, kipimajoto kilikwenda kujificha nyuma ya kile kishale kidogo ambacho ukikibonyeza hukuonyesha alama zilizofichwa. Friji ikiharibikiwa, kilijitokeza kando ya saa, chekundu, kikiwakawaka. Geeta alifurahi sana. Jemimah akawaambia wateja wengine, nao wote wakataka hivyo hivyo, naye akajiona amefanya kazi safi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano alikwenda Keroka kufunga printa ndogo ya kuchapisha vibandiko vya dawa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua ya usiku imeacha matope mlangoni. Geeta alikuwa akimhudumia mzee wa shinikizo la damu. Kwenye benchi kando ya ukuta alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sweta ya kijani, na kando yake msichana mdogo aliyevaa soksi mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulikuwa umefungwa bendeji kutoka kifundo hadi karibu na goti.

Jemimah aliwasalimu, akaingia nyuma ya kaunta, akachomeka printa, akaanza kuitambulisha kwa kompyuta. Kompyuta ilikuwa na mwendo wa kobe. Akiwa anasubiri, mkono wake wenyewe ukabonyeza kile kishale, kama mtu anavyochungulia sufuria ambayo anajua haijachemka. Aliona alama ya sauti, ya intaneti, ya virusi, na ile ambayo hata yeye hakuijua. Kipimajoto hakikuwapo.

Akafunga, akafungua tena. Hakikuwapo.

Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi, akaitafuta yake kwa jina. Haikuwamo. Akatafuta daftari ambamo programu hujiandikia vipimo, akashuka hadi mstari wa mwisho. Mstari huo ulikuwa wa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Nyuzi nne nukta tatu. Baada ya hapo, hakuna.

Kona ya skrini mbele yake ilikuwa safi, tulivu, haina doa, kama Jemimah alivyoahidi. Ilikuwa imetulia hivyo kwa siku nne, na hakuna aliyekuwa akiangalia friji.

Mzee wa shinikizo alilipa akaondoka. Jemimah akamsogelea Geeta, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Sanjay, Alhamisi mchana stima ilipotea hapa?"

"Ilipotea. Transfoma ya huko chini iliungua. Ilirudi Ijumaa, jua likiwa bado kutoka." Geeta alimtazama. "Kwa nini?"

"Na friji?"

"Friji ilikaa sawa. Nilikuja Ijumaa asubuhi, nikawasha kompyuta, nikaangalia kona. Hakuna nyekundu. Nikasema asante Mungu, nikaanza kuuza."

"Haikuwa nyekundu kwa sababu programu haikuwepo," Jemimah alisema. "Stima ilipopotea, kompyuta ilizima. Iliporudi, ile ya kuzuia virusi iliizuia yangu isiamke. Imelala tangu Alhamisi."

Geeta alivaa miwani, akainama, akatazama ile kona kana kwamba ingemwambia jambo zaidi. Kisha akageuka, si kumtazama Jemimah, bali kulitazama benchi.

"Huyo mtoto," alisema polepole, "Ijumaa mchana alidungwa dawa ya kichaa cha mbwa. Imetoka kwa hii friji. Leo amekuja kwa ya pili."

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo alimofanyia kazi Jasper, tabibu aliyesomea udaktari mdogo, ambaye watu wote walimwita daktari. Alikuwa kijana mpole mwenye ndevu chache, na alikuwa na tabia ya kunawa mikono kabla ya kusema jambo lolote zito. Geeta alimwita. Wakasimama watatu mlangoni mwa chumba hicho, na Jemimah akaeleza upya, safari hii kwa maneno machache zaidi.

Jasper alinawa mikono.

"Mtoto anaitwa Joyline," alisema. "Wametoka Magwagwa. Aliumwa na mbwa Alhamisi jioni akitoka shule. Mama aliosha kidonda kwa sabuni na maji kwa muda mrefu, alifanya vizuri sana. Zahanati ya karibu dawa ilikuwa imeisha, ndiyo wakaja huku kwa dada ya huyo mama." Akakausha mikono kwa makini, kidole kwa kidole. "Mbwa alikuwa wa jirani, mzee Mogire. Amekufa Jumamosi. Alikuwa anatoa mate na hawezi kumeza."

Hapakuwa na haja ya kueleza maana ya hayo.

"Tukimdunga ya leo bila kujua," Jasper aliendelea, "tutakuwa tunahesabu sindano ambazo labda hazina kitu."

Jemimah aliwaza jambo ambalo baadaye alilionea haya. Aliwaza kwamba wangeweza kumwambia mama yule kuwa kompyuta ina shida kidogo, arudi saa nane. Katika saa hizo angekwenda Kisii kutafuta dawa nyingine, na jambo likaisha bila mtu kujua ni alama ya nani iliyojificha. Wazo hilo lilipita upesi, lakini lilipita.

"Kile kidude ndani ya friji," alisema, "kina kumbukumbu yake. Hata kompyuta ikilala, chenyewe kinaendelea kupima na kuweka. Siku thelathini. Kama betri yake bado iko hai."

"Iko hai?" Geeta aliuliza.

"Sijui. Niliibadilisha mwaka jana. Programu ndiyo hutuambia betri ikikaribia kuisha."

"Na programu imelala."

"Ndiyo, Mama Sanjay."

Geeta akavua miwani. "Basi tumwambie mama ya mtoto kwanza. Halafu ufungue."

"Tungefungua kwanza, tujue," Jasper alisema. "Tusimtishe bure."

"Mtoto ni wake," Geeta alisema. "Kama ni Sanjay, ningetaka niwe nimesimama hapo mkifungua."

Jemimah ndiye aliyekwenda kwenye benchi. Hakutumwa na mtu. Alichuchumaa mbele ya yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Esnah, akamwambia kuwa yeye ndiye aliyetengeneza mashine inayochunga joto la friji, kwamba mashine hiyo ilizima Alhamisi bila wao kujua, na kwamba kwa sasa hawana hakika kama dawa aliyodungwa mtoto ilikaa kwa baridi inayotakiwa.

Esnah alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto na haukuondoka hapo.

"Dada," alisema, "sema tu vile nitaelewa. Ile ya Ijumaa ilikuwa dawa ama ilikuwa maji?"

"Sijui. Ndani ya nusu saa nitajua."

"Na kama ilikuwa maji?"

Jasper alikuwa amewafuata. "Kama imeharibika, mama Joyline, tunaanza upya leo leo. Nimeshapiga simu Kisii, iko huko. Hii ya leo inakuwa ya kwanza. Hatujachelewa. Siku nne bado si kuchelewa, kwa kidonda cha mguuni kilichooshwa vizuri."

"Unaniambia hivyo ndiyo nitulie?"

"Nakuambia kwa sababu ni kweli. Ingekuwa tumechelewa ningekuambia pia."

Esnah alimtazama kwa muda, akaamua kumwamini, au angalau kumpa ile nusu saa. Akamwinua mtoto. "Basi twende tuone," alisema.

Friji ilikuwa pembeni nyuma ya pazia. Geeta aliifungua. Jemimah akaingiza mkono kati ya masanduku ya insulini na chupa za matone ya macho, akakikuta kidude kwenye rafu ya kati, akakichomoa. Kilikuwa na kitaa cha kijani kilichotakiwa kumweka kila baada ya sekunde kumi. Wakasimama wote kukitazama. Jemimah alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano. Hakikumweka.

Jemimah akatoa laptopu yake kwenye begi, kwa kuwa kompyuta ya duka ingemchelewesha kubishana na ile programu ya virusi, akaiweka juu ya sanduku la sabuni, akaunganisha waya. Laptopu ikamwambia haioni chochote. Akachomoa, akachomeka upande wa pili. Haioni chochote.

"Kimekufa?" Esnah aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Waya ule ulikuwa umebanwa na mlango wa friji kwa mwaka mmoja na nusu, umepinda katikati. Jemimah akautazama, akautupa pembeni. Akakung'uta begi lake lote sakafuni: kalamu, chaja, vibandiko, pakiti ya njugu, na chini kabisa waya wa simu yake ya zamani. Akajaribu huo. Laptopu ikatoa mlio mdogo, ule wa kukaribisha kifaa kipya, na kitaa cha kijani kikamweka.

"Betri iko," alisema. "Ni kitaa tu kilikuwa kimejizima ili kuokoa betri. Iko asilimia kumi na moja."

Vipimo vilianza kuteremka kwenye skrini, mstari kwa mstari. Kutoka Alhamisi saa tisa na dakika kumi hadi sasa, vilikuwa mia tano arubaini na nane. Jemimah angeweza kuiamuru mashine imtafutie kilicho kikubwa kuliko vyote kwa kubonyeza mara moja. Hakufanya hivyo. Aliviteremsha kwa kidole, akisoma kwa sauti, kwa sababu Esnah alikuwa amesimama begani pake, naye alitaka wavione pamoja.

"Alhamisi saa kumi alasiri, nne nukta sita. Saa kumi na mbili jioni, nne nukta tisa. Saa tatu usiku, tano nukta nne."

"Inapanda," Geeta alisema.

"Inapanda. Saa sita usiku, sita nukta moja. Saa nane, sita nukta saba." Aliteremsha tena. "Saa kumi alfajiri, saba nukta mbili."

"Mwisho ni ngapi?" Esnah aliuliza.

"Nane."

Jasper alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Saa kumi na moja, saba nukta tano. Saa kumi na moja na dakika kumi, saba nukta sita. Na dakika ishirini, saba nukta sita." Hapo kidole chake kilisimama, kisha kikaendelea. "Na nusu, saba nukta sita. Na dakika arubaini, saba nukta moja. Saa kumi na mbili, sita nukta tatu."

"Inashuka," Geeta alisema.

"Stima ilikuwa imerudi. Saa moja asubuhi, tano. Saa mbili, nne nukta tano." Akapitia Ijumaa yote, Jumamosi yote, Jumapili yote. Nne, nne na kidogo, tatu nukta tisa, nne. Alipofika mstari wa mwisho alirudi juu, na sasa ndipo akaiamuru mashine imtafutie kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Mashine ikamjibu: saba nukta sita.

"Haikuwahi kufika nane," alisema. "Hata mara moja."

Jasper akaomba aone mwenyewe. Akainama, akapitisha kidole juu ya ile alfajiri ya Ijumaa mara mbili, akahesabu midomo ikicheza. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa amejikaza kwa muda mrefu kuliko alivyoonyesha.

"Mama Joyline," alisema, "ile ya Ijumaa ilikuwa dawa. Ilikuwa dawa nzima."

Esnah alikaa kwenye sanduku lililokuwa karibu. Aliufunika uso kwa viganja viwili, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mtungi. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa yamelowa lakini uso ulikuwa umefunguka. "Mbuya mono," alisema kwa Ekegusii, akirudia mara mbili tatu, na haikujulikana anamshukuru nani kati yao, au kama alikuwa akimshukuru mwingine kabisa.

"Lakini ilikaaje?" Jasper alimuuliza Geeta. "Saa kumi na nne bila stima. Friji hii si ya kukaa hivyo."

Geeta alionekana kuona aibu kidogo. "Si niliweka barafu. Stima ikipotea na isirudi kabla sijafunga, mimi hutoa zile pakiti za barafu kwa ile friza ya juu, napanga juu ya dawa na kitambaa katikati ili dawa zisigande. Halafu nabandika mlango na seloteipu, mtu asifungue. Baba ya Umesh alinifundisha nikiwa bibi arusi, kabla ya kompyuta iingie hapa." Akageuka kwa Jemimah. "Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza."

Jemimah alicheka, na alipoanza ikamwia vigumu kuacha. Ilibidi aegemee ukuta.

Joyline alidungwa sindano yake ya pili saa tano kasorobo. Hakulia. Alimuuliza Jasper kama sindano zote tano zitakuwa na urefu huo huo, naye akamwambia ndiyo, hazikui. Mama yake alimvisha sweta, akaandikiwa tarehe ya kurudi Ijumaa. Kabla hawajatoka, Esnah alirudi kaunta hadi alipokuwa Jemimah.

"Ungeweza kuninyamazia," alisema.

"Nilifikiria," Jemimah alisema.

Esnah alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu linalolingana na swali. Akampa mkono, wakaagana.

Duka lilipopata nafasi ya kupumua, Geeta alileta chai ya tangawizi, wakakaa pamoja mbele ya ile kompyuta. Programu ilikuwa imeshaamshwa, kidude kimerudishwa kwenye friji kwa waya mzima, na ile ya virusi imeshaambiwa isiiguse tena. Kipimajoto kilikuwa nyuma ya kishale. Hakuna aliyekuwa na raha nacho hapo.

"Nikirudishe nje?" Jemimah aliuliza. "Kikae kando ya saa muda wote, kama zamani?"

"Zamani sikukiona hata kikiwa nyekundu."

"Najua."

"Kikiwa hapo kila siku, macho yangu yanakiruka. Kikijificha, sijui kama kiko ama kimekufa." Geeta alipuliza chai yake. "Wewe ndiye umesoma hii kitu. Sema."

Jemimah alikuwa akiwaza jambo hilo hilo tangu vipimo vilipofika mwisho. Alama ya printa ikijificha hakuna hasara. Printa ikifa, utajua karatasi isipotoka. Ya sauti pia. Hizo zote, kazi yenyewe ingemwambia mtu. Lakini friji haisemi. Kile kipimajoto ndicho mdomo wake, naye alikuwa amekifundisha kunyamaza wakati wa salama, bila kufikiri kwamba hata kikifa kitanyamaza vile vile. Kukificha kulikuwa kosa. Hata hivyo kukirudisha tu, kikae pale buluu mwaka mzima, kungekuwa kumhesabia Geeta kosa la macho ambalo kila binadamu analo.

"Mama Sanjay, ukifungua duka asubuhi, kitu cha kwanza unafanya nini?"

"Nafungua kitabu, naandika tarehe. Jasper anataka niandike joto ya friji, lakini kile kipimo cha mlangoni kiliharibika zamani, kwa hivyo naandika 'sawa'."

"Unaandika 'sawa' kutoka wapi?"

"Kutoka hiyo kona. Kama hakuna nyekundu, naandika sawa." Aliposema hivyo alisita, akavuta kitabu, akafungua. Ijumaa, sawa. Jumamosi, sawa. Jumatatu, sawa. Jumapili pekee, siku ya kufunga, ndiyo iliyokuwa tupu. Akakisukuma kitabu mbali kidogo.

"Nikiondoa picha ya kipimajoto," Jemimah alisema, "nikaweka namba. Joto lenyewe. Nne nukta mbili, tano nukta moja. Iko hapo kando ya saa siku zote, inabadilika. Na wewe asubuhi unaiandika kwa kitabu, na jioni ukifunga."

Geeta alifikiri. "Kama hakuna namba, sina cha kuandika."

"Ndiyo."

"Hapo nitajua." Akafikiri tena. "Na hizo zingine zote?"

"Hizo zingine nazificha zote. Hata ile ambayo hatujui ni ya nini."

"Hiyo ficha ya kwanza," Geeta alisema.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo Jemimah alilifanya kabla ya kumaliza chai. Wateja wake wengine kumi walikuwa na programu ile ile iliyojificha vile vile. Aliwapigia mmoja baada ya mwingine, akimwomba kila mmoja abonyeze kishale na kumwambia anaona nini. Tisa walikiona kipimajoto. Wa kumi, Thadeus wa Ikonge, alibonyeza, akasema hakioni. Jemimah akamwambia aende kwenye friji, akichomoe kidude na kukileta kwenye kompyuta.

"Ile friji ya zamani?" Thadeus aliuliza. "Dawa nilihamisha mwezi uliopita kwa ile mpya, nilisahau kukuambia. Hiyo ya zamani saa hii iko na maziwa ya mala ya mke wangu."

"Mpya ina kipimo?"

"Iko na yake mlangoni. Naangalia asubuhi na jioni, naandika kwa kitabu. Subiri." Zikasikika hatua, mlango ukifunguka na kufungwa. "Nne kamili. Unataka pia ya mala?"

"Hapana, Thadeus. Asante."

Alikata simu, akaiweka juu ya kaunta kifudifudi. Nje malori yalikuwa yakipanda kuelekea Kericho, yakinguruma kwenye mlima. Geeta alikuwa ameanza kuandika kitabuni, kwa kalamu nyekundu, kando ya zile 'sawa' tatu: vipimo vyote kama Jemimah alivyomsomea kutoka kwenye laptopu, asubuhi na jioni, tangu Alhamisi. Ile alfajiri ya Ijumaa aliipa mstari wake peke yake.

Namba ilikuwa tayari siku ya Jumatano. Jemimah aliipeleka mwenyewe kwa wateja wote kumi na mmoja, ikamchukua wiki nzima. Baadhi walilalamika. Mmoja wa Nyamira alisema kona yake ilikuwa nzuri zaidi ikiwa tupu, na Jemimah akakaa naye saa nzima akimweleza, hata akakubali. Aliongeza pia kengele kwenye kidude chenyewe, ilie ikiwa kompyuta haijakiuliza chochote kwa nusu saa, kwa maana hakutaka tena kutegemea kitu kimoja.

Mwezi wa sita, siku Joyline alipodungwa sindano ya tano na ya mwisho, Jemimah alikuwa ofisini kwake Kisii akibishana na mteja kwa simu. Ujumbe wa Jasper ukaingia katikati ya maneno. "Amemaliza. Yuko mzima, ameuliza kama anaweza kupata bendeji nyingine ya kuonyesha wenzake shuleni. Nimempa."

Jemimah alimwomba mteja asubiri kidogo. Akausoma ujumbe mara ya pili. Kisha akarudi kwenye simu, na mteja akashangaa mbona sasa anakubali kila kitu.